Mkato na Nukta

Ofisi yangu iko ghorofa ya pili, Mtaa wa Mkunguni,
juu ya duka la vifungo na zipu.
Mlangoni nimeandika TAFSIRI, MUHURI, LAMINESHENI.
Jumanne wakaingia wawili, mume na mke,
na bahasha ya kaki imejaa hati za mshahara:
miaka tisa ya ghala moja huko Kassel.
Wakala wa pensheni anazitaka kwa Kiingereza,
kabla ya Ijumaa.

Mjerumani akiandika mshahara hapotezi wino.
LSt. SolZ. KV. RV. AV. PV.
Maneno marefu kama treni ya mizigo
kayakata vichwa, kavipanga safu.
Kazi yangu ni kutafuta viwiliwili.

LSt haina fumbo, kodi ni kodi hata Temeke.
KV, bima ya ugonjwa.
PV ilinisumbua: bima ya kutunzwa
siku utakapashindwa kujilisha mwenyewe.
Kwetu hiyo inaitwa watoto.
KiSt, kodi ya kanisa, mbele yake vistari viwili tu.
"Mimi Mshamu," akasema mzee,
kana kwamba jina limejibu.
Na lilikuwa limejibu.

Walituachia shule, walituachia hela.
Shule tumelipia wenyewe.
Hela imebaki mdomoni.

UG nikaisoma kwa sauti, sikuona hatari:
pesa ya likizo, kila Juni,
mtu apewe cha kutumia akienda kupumzika.
Bi Sikudhani akanyanyua uso.
"Juni," akasema. "Juni ndiyo tulimwaga lenta.
Juni ya pili, mabati.
Juni ile ya mvua ndefu, shimo la choo."
Mzee akaikagua kofia yake kwa ndani.

Kisha kidole chenye hina iliyofifia
kikashuka mpaka chini ya karatasi,
pale ambapo sikutaka kifike.
Url Rest VJ 22,5. verf. 31.03.
"Na hii?"

Niliitazama feni. Mzee naye aliitazama feni.
Kuna siku mfasiri anaomba umeme ukatike.
Haukukatika.

Siku za likizo, nikasema, za mwaka uliopita.
Zilizobaki. Hazikuchukuliwa, muda ukapita, zikafa.
Sikumwambia kwamba neno lao la kufa huko
ndilo wanalolitumia kwa nyumba iliyobomoka.

"Likizo hawatoi," akasema, si kwangu.
"Simu zote zile. Idi hii na Idi ile.
Likizo hawatoi, mama Mwanaisha, Wazungu hawatoi."

Chini, muuza zipu alikuwa anagombana na mtu juu ya chenji.
Nikajifanya nanoa penseli, mimi ninayetumia kompyuta.
Mzee angeweza kusema nauli.
Angeweza kusema mabati, saruji, ada ya Mwanaisha,
na zote zingekuwa kweli.
Hakusema.

Mke akahesabu kwa vidole, taratibu,
kama mtu anayerudishiwa pesa pungufu.
"Ishirini na mbili na nusu.
Hiyo nusu nyingine ulikwenda wapi?"

"Frankfurt," akasema. "Uwanjani.
Kuna ubao wa safari, mkubwa kama ukuta huu.
Nilisimama mpaka nikaona Addis.
Kutoka Addis njia naijua.
Halafu nikawahi treni, nina zamu ya jioni."

Hakuna aliyeongeza neno. Nikarudi kwenye kazi.
Wao nusu huitenga kwa mkato,
Waingereza kwa nukta.
Nikafuta mkato, nikaweka nukta,
na muhuri nikaupiga mbali na tarakimu ile.

Elfu kumi na tano kwa ukurasa, nikapunguza.
Alilipa yeye, Bi Sikudhani, noti zimekunjwa nne nne.
Akadai risiti.
Akasimama juu yangu nikiiandika:
kwa Kiswahili, akasema, na kwa kirefu,
usinifupishie hata neno moja.